Mshauri Amekataa Kusema Nani Mkosaji. Je, Tumepoteza Hela Zetu?

«Shikamoo mama. Nina miaka 34, ndoa yetu ina miaka 11 na watoto watatu, tunaishi Igoma hapa Mwanza. Mume wangu alikuwa tajiri wa mitumbwi miwili huko Ukerewe. Miaka miwili iliyopita mashine zote mbili za mitumbwi hiyo ziliibiwa ziwani usiku mmoja. Tangu hapo anavua kwenye kambi ya mtu mwingine. Wakati wa giza, siku zisizo na mwezi, yuko kisiwani, mbalamwezi ikitoka anarudi nyumbani. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na Mungu amenijalia, kodi ya nyumba na ada natoa mimi. Lakini nyumbani hakukaliki. Anasema nimekuwa jeuri tangu nishike pesa, na mama mkwe anasema hivyo hivyo. Nikiuliza hela ya kambini imekwenda wapi, ananinunia siku tatu. Desemba alinipiga kofi, mara moja, akaomba msamaha.

Tulienda kwa mshauri nasaha, vikao vitatu, shilingi 30,000 kila kikao. Hakusema nani mkosaji. Alisema kila mtu ana simulizi yake. Akauliza tatizo letu tungelipa jina gani, mume wangu akasema ‹Dharau›. Basi kikao kizima tukaizungumzia Dharau kama mgeni: inaingia saa ngapi, inataka nini. Tukimwuliza yeye anaonaje, anasema ‹mimi sijui, nyinyi ndio mnaojua›. Kikao cha tatu walikuwepo wanafunzi wawili, wakazungumza wao kwa wao juu yetu huku sisi tumekaa pale pale tunawasikiliza. Shangazi yangu anasema hayo ni mambo ya Wazungu, na mtu asiyeweza kusema nani kakosea si mshauri. Kama hakuna ukweli, lile kofi je? Tuendelee au tuache? Cha ajabu, mwezi uliopita mtoto wetu wa mwisho alipolazwa kwa malaria, tulikaa wiki nzima kama zamani, hata tukacheka.»

Marahaba, binti yangu. Pole kwa uliyopitia, na poleni nyote wawili kwa zile mashine. Anayekaa mbali na ziwa hawezi kujua mtumbwi usio na mashine unamfanya nini mtu aliyekuwa akiitwa tajiri.

Umeniuliza kama mmepoteza hela. Lakini nadhani lililokukosesha usingizi ni jingine. Umeogopa kwamba namna hii ya ushauri imemsafisha mume wako: kosa lake limegeuzwa «simulizi», kofi lake limebebeshwa mgeni asiyeonekana, na wewe umeachwa huna pa kushtakia. Hofu hiyo ina msingi. Nitakueleza kwa nini mshauri wako alifanya alivyofanya, na nitakuonyesha pia mahali ambapo mimi nisingefanya hivyo.

Nianze na kofi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kofi lilipigwa. Hilo ni tukio, lina siku yake na lina mkono ulioinuka. Mshauri yeyote wa ndoa, awe wa nadharia ipi, anapaswa kuonana na kila mmoja wenu peke yake kabla ya kuwaketisha pamoja kwa kazi nzito, amwulize kila mmoja bila mwenzake kusikia: umewahi kupigwa? Unaogopa kusema jambo fulani humu ndani kwa sababu ya kitakachotokea mkifika nyumbani? Hukuniambia kama uliulizwa hivyo. Kama hukuulizwa, hapo pana upungufu, na wala si wa nadharia. Ni upungufu wa utendaji.

Sasa jiulize mwenyewe, kwa utulivu. Tangu Desemba, kuna neno unalolimeza kwa kuogopa mkono? Anakuzuia kwenda Mwaloni, anachukua simu yako, anakutishia mbele ya watoto? Kama lipo hata moja, simamisha vikao vya pamoja. Vikao vya watu wawili humtaka kila mmoja afunue moyo, na anayeogopa kipigo akifunua moyo wake hulipia nyumbani. Kama hakuna, na kofi lile lilikuwa moja na analikiri kuwa ni lake, basi yanayofuata yanakuhusu.

Namna ya ushauri mliyoikuta, ambayo sehemu yake kubwa huitwa tiba ya simulizi, ilikua miaka ya 1980. Kabla ya hapo mtaalamu wa familia alijiona kama fundi. Familia ililetwa kwake, akaikagua, akaona kilicholegea, akakaza. Yeye ndiye aliyejua familia nzima inakaaje, nanyi mlikuwa kitu cha kutengenezwa. Lakini fikra nyingine zilikuwa zimeanza kuwafikia. Mwaka 1966 wanasosholojia wawili, Peter Berger na Thomas Luckmann, waliandika kuhusu jinsi uhalisia wa maisha ya kila siku unavyojengwa na jamii. Mwaka 1979 Mfaransa Jean-François Lyotard aliieleza hali ya usasaleo kuwa ni kutoyaamini tena masimulizi makuu, yaani yale maelezo yanayodai kuwafafanua watu wote wa mahali pote. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Gergen, akaziingiza fikra za namna hiyo katika saikolojia: mambo tunayodhani yamo ndani ya mtu, mengi yako kati ya watu, katika maneno wanayopeana. Wataalamu wa familia waliposikia hayo walijiuliza swali gumu. Kama hivyo ndivyo, mimi nimepata wapi haki ya kuitazama nyumba ya mtu kwa kikao kimoja na kutangaza ugonjwa wake?

Hapa ndipo watu wengi huielewa vibaya, na nahisi hata mshauri wako hakuwaeleza vya kutosha. Fikra hizo huitwa nadharia ya ujenzi wa kijamii, nayo, kwa namna ninavyoifuata mimi, haisemi kwamba hakuna kilichotokea. Inasema kwamba tukio huwa halitufikii likiwa tupu. Hutufikia limevikwa maana, na maana hizo watu wamezijenga pamoja, wengine kabla hatujazaliwa. Wapo wananadharia wanaokwenda mbali zaidi, hata wakatilia shaka kama kuna lolote nje ya maneno. Mimi siwafuati huko, na sijui mshauri wa ndoa angewezaje kuwafuata na bado akamlinda mtu.

Nikupe mfano wa hapa kwetu, ambao si wa chumba cha ushauri. Kwa miaka mingi mahakama zetu hazikukubaliana juu ya mama wa nyumbani: ndoa ikivunjika, kupika kwake, kufua, kulea watoto, ni mchango katika mali ya familia au si mchango? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi hizo ni mchango. Sasa tazama. Sufuria zilikuwa zile zile, kuni zile zile, mgongo uliokuwa ukiuma ni ule ule. Kilichobadilika ni maana ya kazi ile, na maana ile ilipobadilika watu wakaanza kupata au kukosa nyumba kwa sababu yake. Maana ikijengwa na watu haimaanishi ni ya uongo au ni nyepesi. Inaweza kuwa na uzito wa tofali. Ila kilichojengwa na watu, watu wanaweza kukikagua, na wakiamua wakakijenga upya.

Twende nyumbani kwako. Neno «jeuri» limetoka wapi? Wewe ulifanya biashara, ukalipa ada. Kwa mke wa mtu mwingine hilo lingeitwa uchapakazi. Kwako limeitwa jeuri kwa sababu nyumbani mwenu kuna simulizi kubwa zaidi inayosema mwanaume ndiye mleta pesa. Na simulizi hiyo ina historia, hapa hapa ziwani. Sangara waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, wakaja kuongezeka sana miaka ya 1980, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza. Pesa iliingia kwa kasi, ikaingilia mikononi mwa wenye mitumbwi, nyavu na mashine, na hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume. Kijana aliyekulia wakati ule alijifunza kwa macho yake kwamba mwanaume ni mtu wa mashine. Dagaa nao, ambao kuwaanika na kuwauza ni kazi iliyoshikwa zaidi na wanawake, walikuwa wakionekana kama biashara ya mboga. Leo wewe unasomesha kwa dagaa. Hata sheria iliiandika simulizi hiyo: kifungu cha 63 cha Sheria ile ile kinampa mume wajibu wa kumtunza mke, na mke mwenye uwezo anapewa wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya maradhi au kuumia. Mume mzima wa afya aliyeibiwa mashine hana mahali pake katika maandishi hayo. Kwa hiyo mume wako alipoteza mashine mbili, na pamoja nazo akapoteza jina alilokuwa akijitambulishia. Hakuna aliyempa jina jingine.

Hiyo haimpi ruhusa ya kukupiga. Inaeleza tu kwa nini swali lako, «hela ya kambini iko wapi», ambalo kwako ni swali la hesabu, kwake linaweza kusikika kama «wewe ni nani sasa?» Nawe ukiona siku tatu za kununiwa, unasoma «ananificha». Huenda kweli anaficha. Mvuvi wa dagaa kwa kawaida hana mshahara. Hupata mgawo baada ya tajiri, yaani mwenye mitumbwi, kukata mafuta na gharama nyingine, na kuna giza ambalo mgawo huwa karibu na bure. Anaweza kuwa anarudi mikono mitupu na anaona aibu kusema. Anaweza pia kuwa anatumia vibaya. Simulizi haitakujibu hilo. Hapo mnahitaji daftari, na nasema hivi nikiwa mtu niliyeipenda kazi hii ya simulizi miaka mingi. Suala la hesabu likifanywa suala la maana peke yake, mwenye daftari lililofungwa ndiye anayefaidika.

Miaka 11 ya ndoa ni zaidi ya siku 4,000. Hakuna anayezikumbuka zote. Mtu huchagua, na kinachochagua ni simulizi aliyonayo wakati huo. Unajua chekeche inavyofanya kazi, unavyochekecha dagaa mchanga ukadondoka. Jina «jeuri» ni chekeche. Siku uliyojibu kwa ukali inabaki juu. Siku uliyompelekea chakula gatini akisubiri boti inadondoka chini na mchanga. Baada ya miaka miwili ya kuchekecha hivyo, mume wako akitazama haoni ila jeuri, na si kwamba anadanganya. Nawe una chekeche yako. Waliolifanyia kazi jambo hili kwa kina ni Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand. Walichokitafuta kwa subira ni zile siku zilizodondoka, siku ambazo tatizo lilikuwa na kila nafasi ya kushinda na halikushinda. Mtu akiulizwa juu ya siku hizo kwa undani, nani alifanya nini, alikuwa anajali nini, nani mwingine asingeshangaa kusikia hivyo, polepole zinashonwa kuwa simulizi ya pili, nayo inapata nguvu ya kusimama mbele ya ile ya kwanza.

Ndiyo maana mstari wa mwisho wa barua yako, ule ulioanza na «cha ajabu», kwangu ndio mstari mkubwa kuliko yote. Nitaurudia.

White ndiye aliyelieneza pia lile jambo lililokukera, kulipa tatizo jina na kulizungumzia kama kitu kilicho nje ya mtu. Kauli yake inayojulikana ni kwamba mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Kazi zake za mwanzo za namna hii alizifanya na watoto wanaojichafulia nguo. Mtoto akiitwa mchafu, nyumba nzima inapigana naye, naye anajificha. Lile tatizo likipewa jina lake, mtoto na wazazi wanajikuta upande mmoja wanapigana nalo. Nimeona jambo hili likimwinua mtoto ndani ya wiki chache. Kwa wanandoa pia hufaa sana, lakini lina miiko, na katika kikao chenu nadhani miiko miwili ilivunjwa.

Mwiko wa kwanza ni jina lenyewe. «Dharau» alilitoa mume wako. Dharau ni kitu anachofanya mtu kwa mtu, na nyumbani kwenu kila mmoja anajua nani anashutumiwa kudharau. Kwa hiyo mgeni yule hakuwa mgeni; alikuwa wewe, umevishwa kanga nyingine. Kila swali la «Dharau inaingia saa ngapi» liligeuka kuwa «mke anaanza saa ngapi». Ndiyo sababu ulitoka na uchungu usioweza kuueleza. Jina la tatizo lazima liwe ambalo wote wawili mnaweza kulitazama bila mmoja kujiona kizimbani. Nawajua wenzi waliokaa kikao kizima wakikataa majina mpaka wakafika kwenye «Ule Usiku». Sikuambii mlichukue hilo. Ninachosema ni kwamba una haki ya kumwambia mshauri: jina lile si langu, tutafute jingine.

Mwiko wa pili ni kofi. Tatizo hutengwa na mtu ili mtu apate nafasi ya kuamua atakaa nalo namna gani, si ili apate pa kujificha. Alan Jenkins wa Australia, aliyefanya kazi na wanaume wanaopiga na kuandika juu yake mwaka 1990, kazi yake yote ilizunguka hapo: kumwongoza mwanaume akabili wajibu wake mwenyewe. Hasira inaweza kupewa jina. Aibu inaweza kupewa jina. Mkono haupewi jina jingine, ni mkono wake. Ukisikia katika kikao «Hasira ilimpiga mke», inua sauti, au mwombe mshauri alirekebishe palepale.

Kuhusu «mimi sijui». Najua linavyoudhi ukiwa umelipa 30,000. Msimamo huu unatokana na Harlene Anderson na Harry Goolishian wa Texas, waliosisitiza, katika andiko lililochapishwa mwaka 1992, kwamba mteja ndiye mtaalamu wa maisha yake. Maana yake ni kwamba mshauri asijifanye anajua maana ya maisha yako kabla hajasikia kwako, hata kama ameona ndoa mia. Haimaanishi kwamba hana elimu. Mshauri anajua dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anajua dalili za kipigo kinachofichwa, anajua sheria inasema nini, na hayo anapaswa kuyasema waziwazi akiulizwa, na hata asipoulizwa. Ukimwuliza «je, kupigwa ni sawa?» akakujibu «mimi sijui, nyinyi ndio mnaojua», huo si unyenyekevu. Ameacha zamu yake.

Wale wanafunzi wawili nao hawakuwa wakiwasengenya, ingawa naelewa kabisa kwa nini ulijisikia hivyo. Desturi hiyo ilianzia Tromsø, kaskazini mwa Norwei, mwaka 1985, kwa daktari wa magonjwa ya akili Tom Andersen na wenzake. Zamani wataalamu walijificha nyuma ya kioo wakiitazama familia, kisha wakajadiliana faragha. Andersen akaona afadhali familia iwasikie wakijadili, halafu familia nayo izungumzie ilichosikia. Iligeuza usengenyaji kuwa kinyume chake: hakuna linalosemwa juu yenu ambalo hamlisikii. Lakini ilipaswa mwombwe ruhusa kwanza, mwelezwe wanafunzi ni akina nani, na baada ya kuwasikiliza mpewe nafasi ya kusema lipi limewagusa na lipi wamekosea. Kama hatua hizo zilirukwa, mwambie mshauri. Mwanza ni mji ambao mtu wa pili humjua binamu yako, na siri ya kikao ni mali yenu.

Nifike kwa shangazi, nami namsikiliza kwa heshima, maana shangazi katika familia zetu ni mtu wa kusikilizwa. Majina niliyoyataja ni ya nje, hilo ni kweli. Lakini kazi hii si ya nje tu. Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, alishirikiana na David Denborough kuandaa Mti wa Maisha, ambamo mtu huchora mti na kusimulia mizizi yake, shina lake na matunda yake kabla ya kusimulia majeraha. Mwanzoni ulikuwa kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI kusini mwa Afrika, leo unatumika nchi nyingi. Shangazi ana hoja nyingine nzito zaidi, kwamba penye kosa lazima pawe na hukumu. Kwa hilo tunazo taasisi zetu: kikao cha wazee wa pande mbili, wazee wa kanisa au masheikh, na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa kawaida Sheria ya Ndoa inataka shauri lipite kwalo kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Wao watasikiliza na kusema. Mshauri wako hakukataa kuhukumu kwa woga. Si kazi aliyoitiwa. Mkitaka mtu wa kusema nani alipe nini, nendeni kwa wazee. Ila kumbuka wazee nao wana simulizi zao juu ya mke anayeshika pesa, na mama mkwe atakuwa kwenye mkeka.

Sasa niseme udhaifu wa njia hii, kwa kuwa umeniuliza uendelee au uache. Salvador Minuchin, mmoja wa wakubwa wa tiba ya familia, aliuliza mwaka 1998: familia yenyewe imekwenda wapi katika tiba hii ya simulizi? Aliona wataalamu wanasikiliza simulizi ya mtu mmoja mmoja, wakasahau kutazama watu wanavyoumizana na kutulizana palepale mbele yao. Namwona ana haki kwa sehemu. Kwa upande wa utafiti pia, tiba ya wanandoa inayofuata hisia, ile ya Sue Johnson wa Kanada, na zile za kurekebisha tabia, zimepimwa kwa majaribio mengi zaidi kwa wanandoa kuliko tiba ya simulizi. Binamu yake tiba ya simulizi, ile ya kutafuta suluhisho iliyoanzishwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Milwaukee, Marekani, nayo imefanyiwa tafiti nyingi. Na hakuna kati ya hizo inayorudisha mashine. Nyumba iliyopungukiwa inaweza kuzungumza vizuri na bado ikalala na njaa. Mkopo wa kikoba, mashine moja iliyotumika ya kununua pamoja na kuandikwa majina yenu wote wawili, au mume kuingia katika biashara yako ya dagaa kwa kazi yenye heshima yake, hayo nayo ni sehemu ya tiba, na ningependa mshauri wenu asione haya kuyaleta mezani.

Kwa hiyo jibu langu: kama huogopi, endeleeni kwa vikao viwili vitatu zaidi, kwa masharti. Jina la tatizo libadilishwe. Kofi lizungumzwe kwa jina lake, na mume wako aseme kwa kinywa chake atafanya nini siku hasira itakapopanda tena. Daftari la mapato lifunguliwe kwa wote wawili, lako na lake, kila mbalamwezi anaporudi.

Kisha mpeleke mshauri kwenye ile wiki ya hospitali. Usiiache ipite kama bahati. Nani alilala kwenye kiti na nani alikwenda kutafuta dawa? Ulipokosa hela ya kipimo, uliombaje, naye alijibuje? Mlicheka nini hasa? Wiki ile ulikuwa bado ndiye mwenye pesa, naye bado hakuwa na mashine. Hali ilikuwa ile ile kabisa, na bado «jeuri» haikupata pa kukaa. Ningetaka kumsikia yeye akieleza wiki ile alikuwa baba wa namna gani, na kama anamfahamu yule baba kutoka zamani, kabla ya mitumbwi. Ningetaka na wewe umwambie ulichokiona kwake ambacho hukuwahi kumwambia. Waiteni hata watoto wakubwa waseme walichoona, kama mnaona wanaweza. Hapo ndipo njia hii huonyesha uwezo wake. Isipoonyesha baada ya vikao hivyo, badilisheni mshauri au njia bila kujilaumu.

Kuna hali ambazo hazingoji kikao. Akikupiga tena au akikutishia, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukiumia, nenda hospitali hata kama jeraha ni dogo, ueleze lilivyotokea. Mwangalie naye pia. Mwanaume aliyepoteza mali halafu akawa halali, hali, anakunywa kuliko zamani, au anasema maneno kama «bora nisingekuwepo», huyo huenda ana sonona, na sonona haitibiwi kwa kuitafutia jina zuri. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Mpeleke, au mwombe rafiki yake wa kambini anayemwamini ampeleke. Usimngoje amalize giza kisiwani ukiwa umeshasikia maneno hayo.

Kabla ya kikao cha nne mpigie mshauri simu, umwombe saa moja ya peke yako, na mume wako apewe saa yake. Mwambie juu ya Desemba kama hujamwambia. Akikataa kuwaona mmoja mmoja, usilipe kikao hicho. Tafuta mwingine.